Neno la mtaani: lini liingie kwenye kamusi na lini lisubiri

Kuna kitu nilifanya darasani miaka kadhaa nyuma ambacho mpaka leo ndo kinaniongoza kila nikikaa na daftari langu la maneno. Nafundisha Kiswahili sekondari, huku Temeke, na siku hiyo nilikuwa nasahihisha insha za fomu tuu kuhusu usalama wa mtaa. Mwanafunzi mmoja kaandika hivi: "Usiku ule mateja walivunja dirisha la duka wakachukua simu." Mimi nikachukua kalamu nyekundu, nikakata "mateja", juu yake nikaandika "wateja", nikaenda insha inayofuata. Kesho yake kijana kaja na daftari mpaka mezani, shikamoo mwalimu, marahaba, "mwalimu samahani, hapa umeandika wateja ndo wamevunja duka, wateja wenyewe saa hizo walikuwa wamelala makwao."

Nikaisoma tena ile sentensi. Alikuwa sahihi. Mteja ni mtu anayekuja dukani na hela yake, teja ni mtu aliyezidiwa na unga, yaani dawa za kulevya, m imeondoka pale mbele na ametokea mtu mwingine kabisa, na hakuna neno jingine la kawaida ambalo yule kijana angeliweka pale msomaji akamuona mtu yule yule. Mraibu lipo na ni neno zuri, ila "waraibu walivunja dirisha" inasomeka kama taarifa ya ofisini, hakuna mtu wa Temeke anayeongea hivo akiwa anasimulia tukio la jana usiku. Kwa hiyo neno lilikuwa linafanya kazi, mimi ndo nilikuwa nalifukuza kazini.

Toka hapo nimekuwa nakusanya haya maneno kwa umakini, na watu wakijua unakusanya wanakuletea, wengine meseji moja ina maneno mia mbili na chini ameandika "yote yaingie kwenye kamusi". Hayawezi kuingia yote, na kusema yasiingie hata moja nako ni kosa kubwa zaidi. Naandika hapa navyoyapima, labda itamsaidia anaetengeneza kamusi yake ndogo, au anaechangia Wikamusi, ile kamusi huru ya mtandaoni, au mwalimu mwenzangu mwenye kalamu nyekundu mkononi.

Tuanze na jina lenyewe maana linapotosha. Shuleni tunayaita misimu, neno lile lile la msimu wa embe, na maana tunayowapa wanafunzi ni kwamba yanazuka kwa kipindi fulani, yanatumiwa na kundi fulani, mengi yanapotea na machache yanakubalika yanakuwa sanifu. Watu wanashika hapo kwenye kupotea tu. Ndo maana ukimpelekea mtu wa lugha neno la mtaani jibu la haraka ni "hilo litapita". Mengine yanapita kweli, lakini angalia daladala. Miaka ya 80 pale Dar mabasi ya watu binafsi yalipoanza kubeba abiria nauli ilikuwa shilingi tano, sarafu ya shilingi tano watu wakiiita dala, konda kaning'inia mlangoni anaita dala dala, jina likashika. Leo kwa shilingi tano hupandi chochote, hiyo sarafu huioni mkononi mwa mtu, na neno lipo kwenye kamusi na kwenye matangazo ya serikali ya nauli. Matatu ya Nairobi ni hivyo hivyo, nauli ilikuwa senti thelathini, yaani vipande vitatu vya senti kumi, nauli ikafa jina likabaki. Bodaboda lilizaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda, baiskeli zikivusha watu toka boda moja mpaka nyingine, sasa ni pikipiki na zimejaa Dodoma ambako hakuna mpaka wa nchi karibu.

Hiki ndo kipimo ninachokiamini kuliko vyote: sababu iliyolizaa neno ikishakufa, je neno linaendelea kupumua? Kenya noti ya shilingi 500 wakati wa uchaguzi wa 1992 watu waliiita jirongo, kwa jina la Cyrus Jirongo aliyekuwa anaongoza lile kundi la vijana la kuipigia kampeni KANU, YK'92, na neno lilienea nchi nzima. Lakini lilikuwa limefungwa kwenye noti moja na mtu mmoja na uchaguzi mmoja, leo ni neno la wakubwa wakikumbuka miaka ile. Halafu kwetu kuna msimbazi, noti ya elfu kumi, kwa sababu ni nyekundu na Simba yenye makao yake mtaa wa Msimbazi ni nyekundu. Lipo hai kabisa, ila wakibadilisha rangi ya noti kesho tutajua kama ni neno au ni rangi tu ilikuwa inaongea. Na sisemi jirongo lisiandikwe popote, mtu akilikuta kwenye gazeti la 1993 atahitaji maana yake, ila liandikwe na alama ya kuonyesha ni la zamani, lisikae kama neno la leo.

Sasa kazi yenyewe inavyoenda. Ukisikia neno jipya usiandike neno, andika sentensi. Nzima, kama ilivyotoka mdomoni, na tarehe, na mahali, na msemaji ni mtu wa aina gani, mfano "konda, miaka kama 25, Mbagala". Jina lake usiandike, halihitajiki na sio haki yake kukaa kwenye daftari lako. Neno bila sentensi baada ya miezi sita hata wewe mwenyewe hulijui tena, nina kurasa nzima za mwanzo ambazo nilijaza maneno matupu na sasa hazinisaidii kitu, naangalia neno naona kabisa mwandiko ni wangu lakini sikumbuki lilikuwa linamaanisha nini pale.

Na kuna sentensi ambazo hazihesabiki. Mtu akikwambia "siku hizi vijana wanasema arosto wakimaanisha ile hali mbaya ya kukosa unga", hapo neno limetajwa, halijatumika. Mtangazaji akisoma listi ya maneno ya mtaani redioni, hiyo nayo ni kutajwa. Skrinishoti zenye "maneno 50 ya kihuni na maana zake", hizo ndo kabisa, nyingi zinanakiliana na mengine yametungwa siku hiyo hiyo ili listi ijae. Unachotafuta ni mtu anaetumia neno akiwa na shida zake, hana habari na wewe wala na kamusi, na wenzake wanamuelewa bila kuuliza. Pale stendi nilimsikia mama mmoja anamwambia mwanae "usiweke simu dirishani, mateja wapo hapo", mtoto akashusha simu. Ile simu kushuka ndo ushahidi wangu mkubwa wa neno teja, kwamba lilisemwa likaeleweka likafanyiwa kazi papo hapo, na aliyelisema sio kijana wa kijiweni, ni mama wa makamo na kanga yake.

Sentensi ngapi zinatosha? Wiktionary ya Kiingereza ina kanuni moja ambayo mi naichukua kama sakafu: matumizi matatu yanayojitegemea, toka la kwanza mpaka la mwisho pawe angalau mwaka mmoja. Hapo kwenye kujitegemea ndo watu wengi tunateleza. Wimbo ukivuma, neno la kwenye kibwagizo utalisikia mara elfu kwa wiki, kwenye bajaji, kwenye harusi, kwa watoto wa chekechea, lakini hizo elfu zote ni sauti ya mtu mmoja inajirudia, mi nahesabu moja. Mpaka nimsikie mtu analitumia kwa jambo ambalo halihusiani na wimbo ndo naanza mbili. Na kwa Kiswahili naongeza masharti yangu mawili: angalau shahidi mmoja awe wa nje ya kundi lililolizaa neno, na angalau mmoja awe wa mji mwingine. Mwaka mmoja kwa lugha ya mtaani ni mrefu, neno ambalo limevuka masika mbili na bado lipo midomoni mwa watu wa rika tofauti, hilo lina mizizi.

Unaweza kujisaidia na yaliyokwisha kukusanywa. Mwaka 2006 watafiti wawili, Uta Reuster-Jahn na Roland Kießling, walichapisha utafiti wa lugha ya mitaani ya Tanzania pamoja na kamusi ya maneno na misemo kama 1100. Mi naitumia kama saa. Neno nikilikuta mule najua lina umri usiopungua toka 2006, na kama bado nalisikia kwa wanafunzi wangu ambao wengine walikuwa hawajazaliwa, basi hapo sina maswali mengi. Kuna na hazina ya matini ya Helsinki, maneno kama milioni 25 ya Kiswahili unaweza kutafuta ndani yake, ila ujue imejaa magazeti na vitabu, kwa hiyo neno la kijiweni lisipoonekana mule haina maana halipo mtaani, lakini likionekana hiyo ni shahada nzito sana kwa sababu limepita mikononi mwa mhariri. Na ukiwa kwenye magazeti angalia alama za nukuu. Mwandishi akiwa bado anaona aibu na neno analiwekea nukuu pande zote mbili kama analishika na koleo. Siku anapoziondoa, akaandika teja kama anavyoandika dereva, hapo neno limeshapewa kiti.

Baada ya ushahidi ndo naingia kwenye sarufi, na hapa ndo mahali ninapopapenda maana Kiswahili chenyewe kinakuamulia. Neno likiwa mgeni linakaa kama lilivyokuja, likishazoea nyumba linaanza kuvaa nguo za nyumba. Chukua chakachua. Lilivuma sana miaka ile ya kelele za mafuta ya magari kuchanganywa na mafuta ya taa, halafu ukaja uchaguzi wa 2010 watu wakalihamishia kwenye kura, halafu likaenda kila mahali, maziwa yamechakachuliwa, saruji imechakachuliwa, cheti kimechakachuliwa. Angalia linavyonyumbulika: chakachulia, chakachuliwa, chakachulika, mchakachuaji, uchakachuaji. Hakuna mtu aliyekaa kikao kuamua hayo maumbo, watu wameyatoa kinywani wenyewe kwa sababu masikio yao yameshalikubali kuwa kitenzi chetu. Kitenzi cha mtaani ambacho kinakubali kutendwa na kutendea na kinazaa nomino, mi sikiulizi tena kitambulisho. Linganisha na maneno ya kuitikia tu ambayo yanasemwa kwa umbo moja, huwezi kuyapa wakati wala nafsi, hayo yana maisha mafupi mara nyingi na nayaacha yasubiri.

Kwa nomino uliza ngeli. Teja limetoka kwa mteja, mteja wa muuza unga, lakini wingi wake haukuwa wateja, ukawa mateja. Ule wingi wa ma- ndo huo huo tunaosema majitu, majizi, kuna kudharau ndani yake. Afu pamoja na hayo kwenye sentensi watu wanasema "teja amelala", "mateja wamelala", hawasemi limelala, kwa maana hiyo umbo limemshusha lakini sarufi bado inamhesabu ni mtu. Hiyo lazima ionekane kwenye kamusi yako. Ukiandika "teja: angalia mteja" umefanya nilichofanya mimi na kalamu nyekundu.

Swali linalofuata ndo ambalo wengi wanaliruka. Neno linastahili kuandikwa, sawa, lakini linastahili kidahizo chake lenyewe, yaani mstari wake unaoanza na neno hilo, au liingie ndani ya kidahizo cha neno jingine? Maana kamusi ina milango mitatu. Nitabaki na familia hii hii ya teja kwa sababu iko yote.

Unga. Ukisikia "anauza unga" mtaani kwetu inategemea umesimama wapi, inaweza kuwa sembe na inaweza kuwa heroini. Lakini ni neno lile lile, ngeli ile ile, unga huu, unga ule, na ukimweleza mtu mara moja anaona picha, kitu cheupe kilichosagwa. Hilo halihitaji kidahizo kipya, linahitaji maana ya pili chini ya unga, na alama kwamba ni ya mtaani. Kete nayo hivyo hivyo, ile ya bao na ile ya kuvuta, maana tu imeongezeka.

Mzungu wa unga. Huyu sio Mzungu, na sio muoka mikate, ni mtu mkubwa anaeendesha biashara ya dawa za kulevya, anaweza kuwa jirani yako wa Kinondoni mwenye gari nzuri. Jaribu kubadilisha kipande kimoja, sema "Mwarabu wa unga" au "mzungu wa ngano", maana inavunjika pale pale. Kwa hiyo ni nahau, maana haipatikani kwa kujumlisha maneno yake, na lazima iandikwe, ila inakaa ndani ya kidahizo kilichopo na alama ya nh. Ukiweza kubadilisha neno moja na maana ikabaki, hiyo sio nahau ni maneno yamekaa pamoja tu, usiipe nafasi.

Teja na arosto ndo zinapita mlango wa tatu. Teja kwa sababu umbo na wingi na maana vyote vimeachana na mzazi wake. Arosto kwa sababu halina ndugu kabisa kwenye lugha, na limeshaanza kutoka kule kwenye unga, nimemsikia mtu mzima aliyekaa siku mbili bila simu anasema ana arosto. Neno likianza kutumika kwa mambo ya watu ambao hawana uhusiano na walioliumba, hiyo ni dalili nzuri mno.

Sasa kuna neno limenisumbua kuliko yote hayo nalo ni bata. Kula bata kila mtu anajua, ni kujirusha, kula raha kwa matumizi. Mwanzo nililiweka kama nahau, na nikabishana na mwenzangu tuliyekuwa tunapitia orodha pamoja kama liingie chini ya la, mzizi wa kula, au chini ya bata. Mi nilisema chini ya bata maana kitenzi kula kina misemo mingi kupita kiasi, kula kona, kula njama, kula kiapo, kula hasara, kula shavu, ukizirundika zote pale msomaji anachoka kabla hajaipata yake, tena mtu akitafuta atakumbuka lile neno la ajabu sio lile la kawaida. Tukakubaliana. Lakini miezi ikaenda nikaanza kuona sentensi ambazo hazina kula: "mwisho wa mwezi ni bata tu", "maisha ya bata", "bata la jana lilikuwa kubwa". Soma hiyo ya mwisho taratibu. Bata la jana, lilikuwa. Yule ndege ni bata wa jana, alikuwa. Bata wa mtaani amehama ngeli! Ametoka A-WA kaingia LI-YA, na hakuna aliyemuelekeza, masikio ya watu yameona huyu sio kiumbe tena ni jambo. Mwenzangu bado anasema asili ni moja kwa hiyo iwe maana ya pili tu chini ya bata, na kanuni ya kawaida ya kutenganisha vidahizo vya umbo moja inaangalia asili, kwa hiyo hoja anayo. Mi naona upatanisho wa kisarufi ukishaachana na maneno yameachana, mtu anaejifunza Kiswahili akiona alama moja ya ngeli atasema "bata wa jana alikuwa mkubwa" na watu watadhani anaongelea mboga. Nimeyatenganisha, bata namba moja na bata namba mbili, na kula bata nimeihamishia kwa namba mbili.

Maneno ya hela nayapitia haraka kwa sababu hayaishi: mkwanja, mshiko, chapaa, mpunga, ngawira. Kila moja lazima lijieleze linafanya nini ambacho hela halifanyi. Mkwanja unaambatana na urefu, watu wanasema mkwanja mrefu, na hiyo peke yake inatosha kulipa mstari wake na mfano wake. Ngawira lilikuwepo zamani kwa maana ya mali ya kuteka vitani, kwa hiyo ni maana mpya kwa neno la zamani. Neno likishindwa kabisa kujitofautisha na wenzake liandike kama kisawe, ukurasa hautoshi.

Mahali pia lazima paandikwe. Buku kwa mtu wa Dar ni shilingi elfu moja, mwanafunzi wa Nairobi ukimwambia buku anaweza kukupa kitabu, elfu yake yeye ni thao au ngiri. Ukiandika bila kuonyesha ni la wapi umemdanganya nusu ya wasomaji wako. Halafu kuna matusi na maneno ya dharau, watu wanauliza kama yaingie. Yaingie yakiwa na alama, kwa sababu mgeni wa lugha anahitaji zaidi kujua neno linaloumiza kuliko neno tamu. Teja linaumiza. Nina mwanafunzi ambaye kaka yake yuko soba hausi anajitahidi kutoka, na siku neno hili lilipotajwa darasani nilimuona anavyoangalia chini. Kamusi inatakiwa imwambie msomaji hilo waziwazi, alama ya dharau iwepo, na kisawe cha heshima kiwepo pale pale mraibu, ili anaetaka kuongea na familia ile ajue aseme nini.

Asili ya neno iandike kama una ushahidi, kama huna acha wazi. Hadithi nzuri za asili za maneno zinasambaa kirahisi kwa sababu ni nzuri, na zikishaingia kwenye kamusi kuzitoa ni kazi ya miaka.

Ukifika kwenye kuandika, maana iandikwe kwa Kiswahili cha kawaida, usieleze neno la mtaani kwa neno jingine la mtaani, na mfano uwe sentensi ya kweli toka kwenye daftari lako. Yangu yamekaa hivi:

teja nm ma- [a-/wa-] (mt, dharau) mtu aliyezoea kutumia dawa za kulevya kiasi cha kushindwa kuacha: Usiweke simu dirishani, mateja wapo hapo. Kisawe cha heshima: mraibu.

bata² nm [li-/ya-] (mt) raha ya kula, kunywa na kutembea kwa matumizi makubwa: Mwisho wa mwezi ni bata tu. (nh) kula bata: starehe kwa matumizi.

chakachua kt 1 changanya kitu halisi na kisicho halisi ili kupata faida kwa udanganyifu: Mafuta haya yamechakachuliwa. 2 badilisha matokeo au nyaraka kwa hila.

Hiyo mt ni ya mtaani, nm ni nomino, kt ni kitenzi, nh ni nahau. Unaona chakachua sikuiwekea, nimeshalisikia kwenye midomo ya watu wazito na kwenye taarifa za habari mara nyingi mno, kuliita la mtaani leo ni kulionea.

Jambo la muda nalo linategemea unaandikia wapi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu toleo la kwanza lilitoka 1981, la pili 2004, la tatu 2013. Kati ya la kwanza na la pili ni miaka 23, mtoto anazaliwa anamaliza chuo, neno linaweza kuzuka likatawala mji mzima likafa na kamusi isijue lilipita. Kwa karatasi ni halali kuwa mgumu, kila neno unaloingiza utaishi nalo miaka kumi au ishirini. Kwa kamusi ya kwenye kompyuta unaweza kuingiza mapema, ukaweka tarehe uliyolisikia mara ya kwanza na ukarudi baada ya mwaka kuliangalia, ila ushahidi usipunguze, sentensi tatu ni tatu tu hata kama nafasi ni bure.

Sasa hivi neno lililoko mezani kwangu ni deiwaka. Ni yule dereva au konda anaeshika gari la mwenzake kwa siku moja, mwenye gari yake akiumwa au akiwa na msiba, jioni anarudisha. Halina kisawe, kibarua ni pana mno na msaidizi sio lenyewe, wingi watu wanasema madeiwaka, na kazi ya kwenyewe wanaiita deiwaka pia, "leo napiga deiwaka". Nilikuwa na sentensi mbili, moja ya Gongo la Mboto na nyingine ya Morogoro, zimeachana mwaka na miezi, lakini zote za watu wa magari, kwa hiyo lilikuwa linasubiri shahidi wa nje. Juzi jumatano mwalimu wa hesabu hakuja, mwenzetu wa jiografia akabeba chaki akaelekea fomu tuu, mtu akamuuliza toka lini umeanza kufundisha hesabu, akajibu bila hata kugeuka, "mi leo deiwaka tu." Ofisi nzima ikaendelea na chai. Nimeandika tarehe.